Kiboko cha Tisa

Mwalimu mkuu wa shule ninayofanyia kazi sasa, hapa Mwihoko, aliniuliza swali moja siku ya kwanza. Alitaka kujua kama nina nafasi maktabani ya kuweka vifaa vya nidhamu. Nilimwambia aviweke chini ya kitanda chake. Alicheka, akidhani namtania. Halafu akaniangalia usoni, na mpaka leo hajauliza tena.

Nina hasira, wacha niseme mapema. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga akahangaika kuzikunjua. Kwa hivyo mtu akinisoma hapa asifikirie ninasimulia habari za mwanamke mpole aliyependa vitabu. Vitabu nilivipenda, ndiyo. Upole sikuwa nao.

Kabla ya Mwihoko nilitunza maktaba ya shule moja ya msingi pale Landless, Thika. Nikisema maktaba msifikirie makubwa. Ilikuwa stoo iliyopakwa rangi, na dirisha moja lenye wavu, na rafu sita za mbao. Kwenye ukuta wa nyuma ilining'inia ramani kubwa ya Afrika, ile ya kukunjua, imechanika pale Chad. Nyuma ya ramani ndipo fimbo zilipokaa.

Sheria hairuhusu mtoto kuchapwa shuleni. Kila mtu anajua, hata watoto wanajua. Maafisa wa elimu walipokuja walichungulia ofisi ya walimu, wakafungua kabati, wakawavuta watoto kando wakawauliza maswali. Lakini wakifika maktabani walianza kutabasamu. Wanapapasa vitabu viwili vitatu, wanasema hongera madam, wanatia sahihi kitabu cha wageni, wanaenda kunywa chai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuinua Afrika.

Zilikuwa fimbo za kahawa, yale machipukizi marefu yanayokatwa mashambani wakati wa kupogoa. Fimbo ya kahawa ikikauka inavunjika. Kwa hivyo kila Alhamisi nikimaliza kupanga vitabu nilizilowesha kwenye ndoo, ndoo ileile niliyokuwa nikichovyea kitambaa cha kufutia rafu. Hakuna aliyenishikia bunduki. Niliambiwa mara moja, nikafanya miaka mitatu.

Aliyeniambia ni naibu wa mwalimu mkuu. Alikuwa mwanamume mwembamba, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama, na hakupaza sauti hata siku moja. Aliona gredi ya tano hawajui kusoma, na hapo hakukosea, maana nusu ya wale watoto walikuwa gredi ya kwanza shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, na waliporudi hakuna aliyewarudisha nyuma kuwafunza ba-be-bi. Yeye akabuni mpango wake. Jumatatu darasa linaambiwa ukurasa. Ijumaa baada ya mapumziko wanakuja maktabani kwa foleni, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anasoma. Kosa moja, kiboko kimoja.

Kazi yangu ilikuwa kushika kitabu. Nilisimama mbele ya mtoto, nikamfungulia ukurasa mbele ya kifua chake, ili mikono yake ibaki huru. Kila akikosea nilikunja kidole. Naibu alikaa kwenye kiti karibu na mlango akisahihisha madaftari ya hesabu, wala hakusikiliza. Mtoto akimaliza, Naibu aliuliza tu, "Ngapi?" Nami nikitaja, yeye anainuka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisaidia watoto kujifunza.

Na niliamini! Hilo ndilo linaloniuma. Baba yangu alitoka magharibi akaja kuchuma kahawa kwenye shamba moja la Ruiru, na jioni alinikalisha kwenye gunia akanisomesha na fimbo ya kahawa mkononi. Yeye mwenyewe alisoma kwa taabu, lakini kunipiga hakuona taabu. Niliyaweza magazeti nikiwa na miaka saba. Nilikua nikijigamba, kwenye vikao vya akina mama, kwenye vikundi vya kanisa, kila mahali: mimi nimefunzwa na kiboko na mnaona nilipo. Nilipo ni wapi? Stooni, na ndoo ya fimbo.

Msichana mmoja alikuja muhula wa tatu. Alikuwa ametoka Witeithie, ambako mama yake alikuwa ameolewa upya na mume mpya hakumtaka. Akaletwa kwa nyanya yake, mama mzee Mkikuyu anayeuza mboga pale kona ya Landless, mwanamke mfupi wa maneno machache. Hiyo ilikuwa shule yake ya nne. Nyanya alimleta mwenyewe maktabani, kwa sababu aliona mlangoni pameandikwa vitabu akafikiri mimi ndiye mwenye kusoma kwote.

"Mwarimu," akaniambia, "huyu hajui hata jina yake kwa ukuta. Nimempatia mpaka Krismasi. Asipojua kusoma namtoa, tuuze sukuma na yeye. Mimi sina nguvu ya kununua sweta ya shule bure."

Msichana alisimama nyuma ya rinda la nyanya akitazama ramani. Alikuwa na miaka kumi na moja, mrefu kuliko wenzake, sketi imeshuka mpaka nusu ya miguu. Nilitoa kitabu chembamba chenye picha, cha watoto wadogo, nikamnyooshea. Akatoka nyuma ya rinda. Akainua mikono miwili, viganja juu, vidole vimekazwa, akafumba macho.

Nilielewa polepole. Alifikiri ninataka kumpiga.

Nyanya alikuwa pale akiona. Ningekuwa mtu mwenye akili ningefanya nini? Ningeweka kitabu kwenye vile viganja. Lakini damu ilinipanda kichwani. Niliona ananiaibisha mbele ya mzazi, ananifanya mnyama, na mimi hata sijamgusa. "Nani amekuambia nitakupiga?" nikafoka. "Nimekupiga mimi?" Na nikamzaba kofi.

Ndiyo. Nilimpiga mtoto kwa sababu alidhani nitampiga. Nimeligeuza jambo hili pande zote kwa miaka na halina upande mzuri.

Nyanya aliokota kitabu sakafuni, akakipangusa na leso. Kwa watu wa rika lake mwalimu akipiga ni kazi anafanya. Akampa mjukuu wake kitabu, wakaenda.

Ijumaa ya kwanza alikosea kila kitu. Hakufungua hata mdomo. Naibu aliuliza ngapi, nikasema hajasoma, na yeye akaamua kumi, kwa sababu kumi ni namba nzima. Alipokea zote akitazama Afrika. Ijumaa ya pili vilevile. Ya tatu darasa lilikuwa limeshaanza kumcheka, maana watoto wenyewe ni wakatili ukiwaonyesha njia, na walimpiga chooni wakisema anawafanya wakawie kwenye foleni.

Ijumaa ya nne alisoma.

Alisoma ukurasa mzima, haraka, bila kukwama, sauti imenyooka. Watoto waliacha kunong'ona. Mimi nilishika kitabu nikimwangalia, na nikaona macho yake hayako kwenye maandishi. Yalikuwa kwenye kidevu changu. Kisha akafika mwisho wa ukurasa, akapitiliza, akasoma mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata kabla sijafunua.

Alikuwa amekariri. Baadaye aliniambia kwamba dada mmoja wa gredi ya sita, jirani yao, alimsomea ukurasa mara nne wakichambua sukuma, naye akaushika wote kichwani. Mara nne! Nina watu wazima kanisani ambao hawajashika sala moja kwa miaka kumi.

"Ngapi?" akauliza Naibu.

Nilijua. Sheria yake ilikuwa wazi, mdanganyifu anapata mara mbili. Nikaangalia vile viganja, ambavyo vilikuwa vimeshaanza kuinuka vyenyewe.

"Hakuna," nikasema.

Naibu aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari. Aliniangalia mimi, si mtoto. Kisha akaendelea kusahihisha.

Jumatatu saa ya chakula nilimkuta msichana nyuma ya rafu ya mwisho, amejikunyata, anakula githeri, mahindi na maharagwe, kwenye kopo. Nilimuuliza anafanya nini huku. Akasema chooni wanampiga, na huku kunapigwa Ijumaa tu. Alisema hivyo tu, akitafuna. Nikaketi sakafuni kando yake, na magoti yangu yakalia, naye akacheka kidogo. Nikamwambia, "Najua hujui kusoma. Usinidanganye." Kijiko kikasimama hewani. Nikamwambia, "Sitasema. Lakini utakuja hapa kila siku saa hii, na tutaanza mwanzo kabisa. Hakuna fimbo."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea unarudia. Ukirudia ukapata, hilo si kosa. Halihesabiwi."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia noti ya elfu kwenye mwanga. "Halihesabiwi kabisa?"

"Kabisa. Na ukijua kusoma hakuna mtu atakupiga tena."

Hiyo ndiyo ahadi niliyompa. Niliitoa haraka vile mtu anasema nitakupigia.

Tulianza na silabi. Nilizikata kwenye maboksi ya chaki, ba peke yake, ka peke yake, tukazipanga sakafuni. Alikuwa mgumu mwanzoni, mkaidi, anakisia. Mimi nilikuwa na hasira zangu. Mara mbili niliinua mkono, na mara mbili niliukalia, kweli, niliweka mkono chini ya tako nikaukalia mpaka ukafa ganzi. Alinionea huruma. "Madam, umekalia mkono tena," akawa ananiambia, na tunaendelea. Nilijifunza kwamba mtoto anayeogopa hasomi neno, anasoma uso wako. Anabahatisha herufi ya kwanza halafu anainua macho kuona kama atapigwa. Kwa hivyo nilikaa nyuma yake, asinione. Ndivyo tulivyofanya wiki saba, mgongo wake umeegemea magoti yangu, kitabu mapajani pake.

Nikisema nilikuwa na furaha mtaniona mjinga, lakini nilikuwa nayo. Nilienda nyumbani nikiimba. Siku alipounganisha "mlango" na kuinua kichwa kuutazama mlango wenyewe, akasema "Ai! Kumbe ni huo tu!", nililia, nikasingizia vumbi la vitabu.

Ijumaa aliendelea kukariri. Nilimwachia, maana nilijua ukurasa wa gredi ya tano bado ni mlima kwake. Kila Ijumaa nikasema hakuna. Na kila Alhamisi nikalowesha fimbo za wengine. Msinisifu haraka. Watoto wengine thelathini na kitu walipigwa mbele yangu zile wiki saba, kwa hesabu za vidole vyangu, na mimi nikiwaza mtoto wangu mmoja tu.

Ikafika Ijumaa ya Novemba. Joto la Thika mnalijua, mabati yalikuwa yanalia. Ilipofika zamu ya msichana, Naibu alifunga madaftari. Akainuka, akaja akachukua kitabu mikononi mwangu, akafunua mbele kurasa nyingi, akanirudishia.

"Leo asome hapa," akasema kwa ile sauti yake ya chini.

Ulikuwa ukurasa ambao hakuna aliyeusikia. Habari ya ng'ombe wa jirani aliyetumbukia kwenye mtaro wakati wa mvua, na watu wa mtaa wakaja na kamba. Mistari minane. Nilimwona msichana akimeza mate. Nilitaka kumwambia kitu lakini Naibu alikuwa amesimama bega kwa bega nami, fimbo imelowa, inadondosha maji kwenye kiatu chake.

Akaanza. Kwa mara ya kwanza macho yake yalishuka kutoka kwenye kidevu changu yakaenda kwenye maandishi.

Alisoma taratibu, kidole chini ya neno, mdomo ukifanya kazi. Ng'o. Ng'ombe. Ng'ombe wa ji-ra-ni. Alikosea "alitumbukia", nikakunja kidole. Alikosea "utelezi". Lakini hakuacha, alipanda kila neno, na mengine aliyashinda. Mstari wa nne. Mstari wa tano. Kwenye mstari wa mwisho kulikuwa na neno "wakamnyanyua", akagonga, "wakamnya, wakamnya," nikakunja kidole, akarudi nyuma akavuta pumzi, akamaliza. Akainua kichwa. Jasho lilikuwa linamtiririka, na alikuwa anacheka.

Mungu wangu, nilitaka kumbeba. Mtoto wa Witeithie, shule nne, hajui jina lake ukutani, amesoma mistari minane mbele ya adui! Nilisahau nilipo. Nilisahau kabisa.

"Ngapi?" akauliza Naibu.

"Tisa tu!" nikasema. Nilipaza sauti, kwa furaha. "Tisa peke yake!"

Naona bado uso wa yule mtoto. Kicheko hakikuondoka mara moja. Kilibaki pale kidogo, hakijapata habari. Halafu akaelewa kabla yangu, na viganja vikainuka.

Alimpiga. Mnataka niwaambie nilifanya nini? Nilishika kitabu. Nilisimama na kile kitabu kimefunguka kwenye ng'ombe, na fimbo ikapanda na kushuka, na mimi nikihesabu, kwa sababu miaka mitatu imenifunza kuhesabu na mdomo wangu haukujua kazi nyingine. Kimoja. Viwili. Cha tatu ngozi ilipasuka chini ya kidole gumba. Cha tano alilia, naye hakuwahi kulia kabla. Sita. Saba. Cha nane damu iliruka ikatua kwenye ukurasa.

Kisha akashusha mikono.

"Bado moja," akasema Naibu.

"Zimeisha," akasema mtoto.

"Nimesema bado moja. Mikono."

"Zimeisha." Akaificha nyuma ya mgongo.

Hakuna mtoto aliyewahi kumjibu Naibu. Yule mtu ambaye hakupaza sauti alinguruma, akaleta fimbo kutoka begani, haikutafuta kiganja, ikamkuta msichana upande wa sikio. Sauti yake siisahau. Alizunguka akaanguka kwenye rafu, na vitabu vikamshukia.

Hapo ndipo kile nilichokuwa nimekikalia kiliamka. Nilikuwa nimeshika kile kitabu cha ng'ombe, nikakitupa, nikachukua atlasi, ile kubwa yenye jalada gumu, nikampiga nayo Naibu usoni kwa mikono miwili. Pua ilivunjika, nilisikia. Akanirudishia kwa fimbo, nikaikinga na mkono wa kulia, na kidole cha kati kikakatika mfupa. Sikuhisi. Nilimpiga tena na atlasi, na tena, nikimtukana kwa Kiluhya cha baba yangu, maneno ambayo sikujua bado ninayo. Tulianguka wote. Rafu ya pili ikaja chini. Watoto walipiga kelele wakatokea mlangoni wakikanyagana. Alinipiga teke la tumbo, nikamuuma mkono mpaka nikaonja chumvi. Ramani ilikatika msumari ikatushukia, na fimbo zote zilizokuwa nyuma yake zikamwagika sakafuni tukigaagaa juu yake.

Mpishi wa shule ndiye aliyetutenganisha. Alitumwagia ndoo ya maji, ile ndoo, pamoja na fimbo mbili zilizokuwa bado ndani yake.

Ofisini mwalimu mkuu alifunga mlango akasema jambo hili libaki hapa ndani. Nilimwambia halitabaki hata kwenye chumba cha pili. Nilienda kwa maafisa wa elimu na kidole kimefungwa kwa kijiti cha aiskrimu, nikawaambia waje wainue ramani. Walikuja, lakini ramani ilikuwa imeondolewa na ukuta umepakwa rangi upya. Naibu alihamishwa. Mimi nilipewa barua ya kufutwa kazi, kwa kupigana mbele ya wanafunzi. Sikuibishia. Nilipigana mbele ya wanafunzi.

Lakini hayo hayakunikosesha usingizi. Kilichonikosesha ni kwamba Jumatatu msichana hakuonekana shuleni. Jumanne hakuonekana. Jumatano nilipita kona ya Landless nikamwona kwa mbali, ameketi kwenye kigoda kando ya nyanya yake, pamba kwenye sikio, anakata sukuma kwa vidole vilivyovimba. Krismasi haikuwa imefika bado. Nyanya alikuwa ameshaamua.

Nilikaa nyumbani siku tatu nikitafuta la kumwambia. Jumamosi nikaenda hivyohivyo bila neno, na kile kitabu cha ng'ombe kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa nimekiiba, tuseme ukweli. Wanaishi kwenye chumba kimoja cha mabati, pazia katikati. Nyanya alinikaribisha, akanipa chai, akatazama kidole changu.

"Nasikia ulimpiga yule mwanaume na kitabu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Wui! Si ungetumia kitu kizito."

Msichana alikuwa kando ya jiko, mwiko mkononi, anakoroga. Hakunigeukia. Nikaanza maneno yangu, nikasema nimekuja kuomba msamaha, nikasema nilimwahidi hatapigwa akijua kusoma, akajua, akapigwa, na nimekosa. Nikasema ilikuwa furaha, nilitaka dunia nzima isikie ni tisa tu.

"Ilikuwa nane," akasema, bila kugeuka.

"Nini?"

"Ilikuwa nane, madam. 'Wakamnyanyua' nilirudia. Nilirudia nikaipata." Sasa akageuka. Jicho moja lilikuwa bado jekundu. "Ulisema mtu akirudia akapata haihesabiwi. Ulisema kabisa."

Nikatazama vidole vyangu, vile vilivyohesabu.

"Ndio nikashusha mikono. Zilikuwa zimeisha."

Akaweka mwiko juu ya sufuria, akaja akauchomoa mfuko kwenye mapaja yangu, akatoa kitabu. Alijua ukurasa, ulikuwa na alama ya damu yake. Akasimama mbele ya nyanya yake akausoma wote kwa sauti, kidole chini ya neno, na kila alipokosea alikunja kidole mwenyewe, kwanza vya mkono mmoja kisha vya ule wa pili, kwa taabu, maana vidole havikukunjika vizuri. Alipofika mwisho, "wakamnya," akarudi, "wakamnyanyua," hakukunja. Akanionyesha mikono. Akahesabu mbele yangu. Nane.

Nyanya alikuwa ameacha kunywa chai. Sidhani alikuwa amewahi kumsikia akisoma.

"Kwa hivyo moja ilikuwa yako," msichana akaniambia.

Ilikuwa yangu. Nilinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, kiganja juu. Niwe mkweli: niliunyoosha nikifikiri atausukuma, au atalia, au atanikumbatia. Yeye alirudi jikoni, akachukua mwiko, akaupangusa ugali na kitambaa. Akaja. Akanipima umbali. Akanichapa kwa nguvu zake zote, mpaka machozi yakanitoka na kikombe cha chai kikaanguka.

"Wee!" nyanya akaruka. "Unapiga mwarimu? Umeshikwa na nini?"

"Mwache, mama," nikasema. "Mwache. Amehesabu sawa."

Msichana alirudisha mwiko kwenye sufuria akakoroga kidogo, ugali usiungue. Kisha akaja akaketi sakafuni mbele yangu, akanipa mgongo, akauegemeza kwenye magoti yangu kama tulivyozoea. Akafunua ukurasa unaofuata.

"Hii sijasoma," akasema. "Kaa na mkono wako hapo nyuma."

Nyanya akaokota kikombe, akanimiminia chai nyingine, na akasema Jumatatu atatafuta ile sweta.